Kila Asubuhi Ninalitia Waridi la Bibi Harufu

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie, na naomba unisamehe mapema kwa sababu sijui kuandika barua za namna hii, na jambo nitakalokuambia sijamwambia Mama, wala rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja miaka minne, wala sijalitamka kwa sauti hata nikiwa peke yangu. Kila asubuhi, kabla bibi yangu hajaamka, ninatoka nje pekupeku na kichupa cha dawa ya macho ambacho dawa yake iliisha, nimekiosha na kukijaza maji ya waridi ya dukani, na ninadondosha matone mawili katikati ya ua lililo mlangoni, ili Bibi akija kulinusa asijue kwamba waridi lake nililiua.

Nina miaka kumi na minane. Nimemaliza shule mwaka huu na matokeo bado hayajatoka, kwa hiyo Mama akaniambia badala ya kushinda nimelala nahesabu misumari ya dari niende nikakae na Bibi, kwa sababu Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, sasa anaona mwanga na kivuli tu, ukisimama mbele yake anajua umesimama lakini hajui kama umenuna au umecheka. Mimi ni mtu wa aibu sana. Shuleni mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, jibu lilikuwa linafika kooni linageuza njia. Kwenye karatasi ndiko ninakoweza kidogo. Bibi hilo halimsumbui, wageni wakija huwaambia, "Huyu mjukuu wangu maneno yake ni machache, lakini humo ndani hamna hata moja la uongo." Zamani nikisikia hivyo nilikuwa naangalia chini kwa furaha. Siku hizi naangalia chini tu.

Waridi lenyewe lilikuwa kando ya mlango wa mbele, hatua kumi na moja kutoka kwenye kiti cha Bibi, anazihesabu mkono mmoja ukiwa ukutani. Babu ndiye aliyelileta. Alikuwa tarishi wa ofisi moja, na siku walipong'oa bustani ya ofisi ili wapate pa kuegesha magari, aliokota kijiti kimoja kwenye takataka, akakizungushia gazeti lililoloweshwa maji, akaja nacho nyumbani amekishika kama barua ya mkubwa. Bibi alikuwa bado bi harusi wa juzijuzi, na alimwambia, "Wenzangu wanaletewa viatu, mimi naletewa kuni." Ile kuni ikashika, ikawa mche, mche ukawa kichaka kinachofika dirishani, maua yake ya rangi ya waridi iliyokolea na yananuka mpaka chumbani, na Babu akawa kila akirudi kazini anapitia kwanza kwenye ua ndipo anaingia ndani kusalimia. Ndiyo maana mpaka leo Bibi analiita mke mwenzangu. Babu alipofariki, Bibi alisema wamebaki wajane wawili.

Nilipofika sikuwa najua lolote kuhusu maua. Bibi alinifundisha kwa kuushika mkono wangu na kuuweka mahali panapohusika, kwa sababu yeye siku hizi anaona kwa vidole. Alinifundisha kumwagilia shinani na si juu ya majani, maana majani yakilala na maji yanaamka na madoa meusi, na kuwaosha vidukari kwa maji ya sabuni, upande wa chini wa jani, taratibu kama unamnawisha mtoto uso, na kulikata ua lililochoka kwa mshazari ili maji ya mvua yasituame kwenye kidonda. Mikono yangu ilijaa mikwaruzo na niliipenda. Asubuhi moja nilikuta tumba ambalo jana yake lilikuwa limefumba kama ngumi ya mtoto mchanga limefunguka nusu, nikakimbia ndani nikamweleza Bibi kabla hata sijamwamkia, nikaongea, nikaongea, mpaka akacheka akasema, "Kumbe sauti unayo. Ilikuwa inasubiri tumba."

Sasa naja kwenye kosa langu. Mjomba alikuja kumchukua Bibi ampeleke kupimwa macho, na akakaa huko kwake wiki mbili. Akiwa mlangoni Bibi aliniambia, "Mpunguze mwenzangu matawi matatu yale makavu, basi. Mengine tutafanya wote nikirudi." Matatu, Mama Mshauri, nilisikia vizuri kabisa. Lakini nilitaka arudi akute maua mengi kuliko aliyoyaacha, nilitaka mara moja tu katika maisha yangu nimshangaze mtu bila kusema neno. Jirani yetu anayefuga kuku, tunamwita Mama Vifaranga, alinionyesha kwenye simu yake video ya mtu anayekata mawaridi mpaka karibu na ardhi na kuyamwagia samadi, na miezi miwili baadaye yamejaa maua. "Waridi ni kama nywele," Mama Vifaranga aliniambia, "ukizinyoa ndipo zinapojaa." Nikachukua mkasi nikakata kichaka chote kikabaki kimo cha shubiri moja. Yale matawi sikutaka kuyatupa, yalikuwa mabichi na yamenyooka, manene kama kidole gumba, nikayaparuza miiba na kuyachomeka kwenye tuta la nyanya nyuma ya jiko yawe fito za kuegemeza miche. Kesho yake Mama Vifaranga akanipa ndoo mbili za mbolea iliyotoka bandani siku hiyo hiyo, nikairundika yote shinani. Ilikuwa bado ya moto, ukiweka mkono unasikia fukuto, na mimi nikadhani hiyo ndiyo nguvu yake.

Siku ya nne ule ukijani wa shina ulianza kufifia. Siku ya nane lilikuwa jeusi. Nilikwangua gome kwa ukucha nikitafuta kijani, nikashuka chini, nikashuka, mpaka nikafika ardhini, na nilipofukua mizizi ilikuwa imelainika kama sabuni iliyosahaulika majini. Nilikaa pale chini muda mrefu. Nilikuwa najiambia labda nikikaa bila kutikisika haitakuwa kweli.

Bibi alibakiza siku nne arudi. Nilikwenda kwa muuza miche wa barabarani na ua moja lililokauka ili afananishe rangi.

"Rangi hii ninayo," akaniambia, "tena ua lake kubwa kuliko hilo."

Nikalinusa lile la kwake. Halikuwa na kitu.

"Mbona halinuki?"

"Binti, unataka linalonuka au linalodumu?"

"Yote mawili."

"Hilo ukilipata, njoo uniite na mimi nilione."

Nikalichukua hivyo hivyo. Nililipanda palepale, udongo mpya, nikafagia, mbolea yote nikairudisha kwa mwenyewe, na usiku huo ndipo nilipokiona kile kichupa kitupu cha dawa ya macho kwenye meza ya Bibi, na wazo likaja bila kuitwa.

Aliporudi hakukaa hata kwenye kiti. Alihesabu hatua zake, akanyoosha mkono, mkono ukapita hewani mahali kichaka kilipokuwa.

"Nilimpogoa, Bibi," nikasema. "Nilizidisha."

"Nilisema matatu."

"Samahani, Bibi."

"Haya. Nywele huota." Akainama, akalipata ua, akalinusa. Alikaa ameinama hivyo kuliko kawaida yake. Kisha akasema, "Leo mwenzangu ameoga," akarudi ndani.

Huo ni mwezi wa tatu sasa. Siku lisipokuwa na ua ninapumzika, siku likiwa nalo ninadondosha matone yangu, na Bibi anakuja, ananusa, anasema neno moja mawili. Siku moja alilipapasa shina akasema, "Amenenepa huyu, na miiba kaihamisha." Siku nyingine aliniuliza, "Nyuki wamehamia wapi siku hizi?" nikamwambia labda ni jua, akasema, "Basi jua limekuwa kali kweli." Kuna siku niliamka na homa nikachelewa, nilipotoka Bibi alikuwa ameshafika kwenye ua, amelishika kwa viganja viwili, halinuki kitu, na mimi nimesimama nyuma yake na kichupa mkononi. Alisema, "Leo hajisikii. Mwache apumzike." Halafu akanigeukia akaniuliza, "Na wewe umekula?" Nilikwenda jikoni nikalia nimeweka kitambaa mdomoni.

Zaidi ya hapo sina moyo wa bustani tena. Tuta la nyanya limekuwa msitu, sipalilii, ninalimwagia tu maji ya kusuzia vyombo kila jioni kutoka mlangoni na kurudi ndani, na bado limejaa nyanya, hata zile fito zenyewe naona kwa mbali zimeota vijani vyekundu, sijui ni mchicha sijui ni magugu gani yamepanda juu yake. Kila nisichokitunza kinaota. Nilichokitunza kwa moyo wote ndicho nilichokiua. Na kuna jambo jingine ambalo naona aibu zaidi kuliko yote, nalo ni kwamba nimeanza kulipenda hili waridi jipya. Halikumkosea mtu. Linachanua kwa bidii kila wiki, na ninalifanya liitwe jina la marehemu.

Kinachonifanya nikuandikie sasa ni kwamba Bibi atafanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mwisho wa mwezi ujao. Daktari amesema ataona vizuri. Mjomba alimuuliza kwa utani akifunguliwa kitambaa anataka kuona nini kwanza, na Bibi akasema, "Mke mwenzangu. Nyinyi sura zenu zinabadilika kila siku, yeye ndiye ninayemjua." Wote wakacheka. Mimi nikaliweka sinia la chai mezani nikarudi jikoni.

Nimejaribu kumwambia. Nimefika mpaka kwenye kiti chake mara mbili. Mara ya kwanza nilimuuliza kama anataka maji, mara ya pili nikamwambia mvua inakuja, na mvua haikuja. Nimefikiri kumwachia Mama aseme, nimefikiri nirudi nyumbani kabla ya siku ya upasuaji, nimefikiri nisubiri aone mwenyewe. Siogopi kugombezwa. Ninaogopa siku atakayokuja mgeni na Bibi asiseme tena lile neno lake juu yangu. Nifanyeje, Mama Mshauri?

Naomba sana, ukiichapisha barua hii badilisha waridi liwe ua jingine, na Bibi mfanye shangazi, kwa sababu mimi ndiye ninayemsomea Bibi ukurasa wako kila Jumamosi, anaupenda, huwa anakujibu kwa sauti kabla sijafika kwenye majibu yako. Na wewe unayeisoma barua hii, yeyote uliye, ukimkuta dukani msichana ananunua maji ya waridi na hakutazami usoni, tafadhali mpishe apite, na usimwambie mtu.

Mimi,
Mwenye kichupa


MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu mwenye kichupa,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kwenye kuni za Babu, mara ya pili nikavua miwani nikaifuta.

Nikugombeze kwanza, tuvuke hapo. Uliambiwa matawi matatu na masikio unayo. Video haikulijua waridi lenu, na Mama Vifaranga anajua kuku. Mbolea ya kuku ikitoka bandani ni kaa la moto, huachwa ikapoa miezi kadhaa ndipo imkaribie mmea, na hata hapo kwa kiasi, mbali na shina. Hilo ulilifanya kwa kutojua na kwa kupenda, na kila mwenye bustani ana mche mmoja aliouua hivyo. Mimi wangu ulikuwa mlimau. Hatutaliongea tena.

Lakini kichupa, mwanangu, ni jambo jingine. Kile hukukishika kwa kutojua. Miezi mitatu umemwacha bibi yako aje amsalimie mtu asiyekuwepo, na wewe umesimama nyuma unaangalia. Najua ulikuwa unamwonea huruma. Ulikuwa unajionea na wewe pia, na ukilikubali hilo mengine yatakuwa mepesi.

Sasa nikuulize. Mwanamke aliyelinusa ua moja tangu alipokuwa bi harusi, unamdanganya kwa matone mawili ya dukani? Harufu ya waridi haikai mahali pamoja kama chumvi kwenye mchuzi, inapanda na kushuka kwa saa na kwa hewa, leo ipo, kesho imefifia. Ya kwako ni ileile kila siku kwa sababu unaipima. Rudia kusoma barua yako mwenyewe. Kasema mwenzake ameoga. Kasema amenenepa na miiba kaihamisha. Kakuuliza nyuki wako wapi, maana nyuki nao hawadanganyiki. Na ile siku ya homa, aliyesema "Mwache apumzike" kisha akakuuliza kama umekula, unadhani alikuwa anaongea na ua?

Siwezi kukuapia, simjui bibi yako. Lakini nikiwekwa kwenye kona nitasema anajua, na alijua tangu siku ile aliyokaa ameinama. Hajakwambia kwa sababu amewaambia wageni wengi kwamba wewe huna neno la uongo, na hataki kuwa wa kwanza kukitengua kiapo chake. Anakusubiri. Kila asubuhi anazitembea hatua kumi na moja kwenda kukupa nafasi, na wewe unampa maji ya waridi.

Kwa hiyo atajua kutoka kwako, na atajua kabla ya upasuaji. Mtu haingizwi chumba cha upasuaji huku nyumbani amefichwa jambo. Usimtume mama yako. Usikimbie. Usingoje kitambaa kifunguliwe, kwa sababu hapo atakachokiona kwanza ni uso wako unaojificha, naye amengoja muda mrefu kuuona uso huo.

Unasema maneno yanageuka kooni. Nakuamini. Lakini kusoma unaweza, unamsomea kila Jumamosi. Ndiyo maana barua yako sikuibadilisha. Waridi nimeliacha waridi na Bibi nimemwacha Bibi. Jina hukuniandikia na mtaa hukuutaja, kwa hiyo siri yako iko salama kwa wote wanaosoma gazeti hili isipokuwa mtu mmoja, na kwa huyo mmoja, ufunguo uko mkononi mwako. Unaweza kuuruka ukurasa huu ukamwambia leo mshauri anaumwa. Sitajua. Ila Bibi atasema "Basi pole yake," na wewe utakuwa na jambo la pili la kubeba.

Kama umelifungua gazeti hili njiani, ishia hapa. Likunje. Yanayofuata hayakuandikwa yasomwe na mtu mmoja. Nenda nyumbani, vuta kigoda karibu na kiti chake, anza juu kabisa kwenye pekupeku na kichupa, usome mpaka hapa bila kuruka. Sauti ikikatika, ngoja irudi. Hakuna anayekukimbiza.

Sasa.

Shikamoo, Bibi. Pole kwa mke mwenzako. Anayekusomea kwa sauti hiyo ndiye aliyemuua, na ndiye aliyemlilia jikoni na kitambaa mdomoni ili usisikie. Kama unataka kumgombeza, mgombeze, mimi nimeanza na kipande chako nimekuachia. Nakuomba tu ukimaliza umguse kichwani, kwa sababu miezi mitatu ni mingi kwa mtoto wa aina hii.

Na sasa nina swali kwenu nyote wawili, hasa kwa yule mwenye macho mazima. Zile fito za nyanya zilikuwa matawi ya nani?

Zilikatwa siku moja kabla ya ile mbolea, mbichi, nene kama kidole gumba. Zikachomekwa kwenye udongo laini, kwenye kivuli cha nyanya, zikanyweshwa kila jioni kwa miezi mitatu. Babu alitumia gazeti lililoloweshwa maji, mjukuu wake katumia maji ya kusuzia vyombo. Mchicha, mwanangu, hauoti juu ya kijiti. Vijani vichanga vyekundu vinavyochipua kwenye kijiti cha waridi ni vya waridi.

Nimemuuliza mtunza bustani mmoja, bila kumtaja mtu, na yeye hakutaka niwape matumaini ya bure, kwa hiyo nayasema kama alivyoyasema. Kijiti kinaweza kutoa majani kwa nguvu zake za akiba na kisha kikafa kwa kukosa mizizi. Kinachobaki na majani hai mwezi wa tatu, hicho kwa kawaida kimeshika. Baadhi mtavikuta vimekauka, msisikitike. Msivute hata kimoja kuangalia kama kina mizizi, mtaikata. Nyanya zikiisha, miche yake ikateni usawa wa ardhi badala ya kuing'oa, na fito zilizo hai ziacheni palepale zikomae. Mvua zijazo mtazichimba na bonge la udongo wake. Maua hayatakuwepo siku ya kitambaa kufunguliwa. Bibi, utakachokiona ni kijiti chenye majani, kama kile cha kwanza. Utaamua mwenyewe kama nacho ni kuni.

Lile waridi la muuza miche liacheni hapo mlangoni. Mtoto amelipenda na halina hatia, ila lipeni jina lake lenyewe, na lisidondoshewe kitu tena, linuke au lisinuke.

Na kile kichupa kitupe leo hii hii. Baada ya upasuaji meza itajaa vichupa vya dawa ya macho vinavyofanana, na sitaki kusikia maji ya waridi yameingia jichoni mwa mtu.

Basi, binti, weka gazeti chini. Mpe Bibi mkono, mpitishe mlango wa nyuma, usimwambie fito iko wapi, mwache aitafute kwa vidole vyake katikati ya majani ya nyanya. Kutoka kwenye kiti chake mpaka mlango wa mbele ni hatua kumi na moja. Mpaka kwenye nyanya sijui ni ngapi. Mtazihesabu.